Mkopo wa Kuhama

Mama huyo alikuja ofisini kwetu kufunga akaunti. Sikuwa nimewahi kuzungumza naye, lakini nilimjua kwa sura kama karibu kila mtu wa Karatina anavyomjua. Ndiye anayefuma masweta ya shule nyingi za huku, ya kijani, ya maruni, ya buluu yenye mistari ya njano shingoni. Watoto wangu wote wawili wamesoma wakivaa kazi ya mikono yake. Aliketi mbele ya meza yangu, akaweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Nipe akiba yangu yote," akasema. "Niko na haraka."

Mimi ni afisa wa mikopo katika sako moja, chama cha akiba na mikopo, pale mjini. Wanachama wetu ni wakulima wa kahawa na majani chai, wachuuzi wa soko, walimu na watu wa boda boda. Mtu akitaka kuondoka, ni kazi yangu kumuuliza sababu, na nimejifunza kwamba jibu la kwanza mara nyingi si lenyewe. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyemkosea pale kaunta. Akasema hapana. Nikamuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

"Hakuna mgonjwa. Ni barabara."

Wakati huo barabara kuu ilikuwa inapanuliwa. Sote tulifurahi tulipoanza kusikia habari zake, maana ile ya zamani ilikuwa nyembamba na imeua watu wetu wengi. Kisha wapimaji wakapita na rangi nyekundu, na kila ukuta uliokuwa karibu mno ukachorwa alama ya X. Wa kwake ulichorwa upande wa jikoni. Aliniambia kwamba alikuwa anapepeta maharagwe uani, akasikia brashi ikikwaruza jiwe, na alipozunguka nyumba kuangalia, rangi ilikuwa tayari inachuruzika na kijana aliyeichora alikuwa amefika kwa jirani.

"Sasa akiba inaingiaje hapo, mama?"

"Sokoni wanasema ati serikali ikishabomoa, inakukata gharama ya kubomoa. Inaingia hadi kwa akaunti."

Sikucheka. Nilikuwa nimesikia uvumi mbaya kuliko huo. Nilimweleza kwamba hakuna anayeweza kugusa akiba yake, na kwamba ni yeye anayestahili kulipwa, si kulipa. Akanisikiliza huku akinikazia macho, kama mtu anayekagua mshono. Mwishoni akafungua mkoba na kunionyesha barua aliyopewa, ya kumjulisha fidia yake. Niliisoma mara mbili. Nikamwomba asifunge akaunti siku hiyo, nikamuahidi kwamba kesho yake mchana nitaenda kuiona nyumba.

"Unataka kuona nini kwa nyumba inaenda kubomolewa?"

"Nataka kujua ni nini hasa unapoteza."

Akafikiri kidogo. "Basi kuja. Nitapika chai."

Nyumba ilikuwa ya mawe ya kuchonga, ya kijivu, paa la mabati mekundu yaliyopauka. Yeye na marehemu mume wake waliijenga chumba kimoja baada ya kingine, kila walipouza kahawa vizuri, na ungeweza kuona mahali chumba kimoja kilipoishia na kingine kilipoanza, kwa sababu mawe hayakutoka machimbo yale yale. Chumba cha mbele kilikuwa kirefu kuliko sebule yoyote niliyowahi kuona. Humo ndimo zilimokaa mashine zake za kufuma, kila moja na kiti chake, na wasichana wawili aliowaajiri walikuwa wameinamia kazi. Jumapili mashine zilisukumwa ukutani na kina mama wa kanisa wakakutana humo humo. Alinionyesha miparachichi nyuma ya nyumba, tangi la maji, na banda la ng'ombe. Kote huko alitembea mbele yangu kama mtu anayenitembeza katika shule aliyosoma.

"Nimeangalia nyumba za kupanga mjini," akasema tulipoketi kunywa chai. "Ni vyumba vya kulala tu. Mashine yangu moja ikiingia, mimi ninabaki nje. Na nikikosa mahali pa mashine hata muhula mmoja, shule zitatafuta mtu mwingine."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa na shida ya kupata pa kulala. Binti yake aliyeolewa Mwea, kule kwenye mashamba ya mpunga, alikuwa amemwambia aende akae naye. Alichohitaji ni nyumba nyingine yenye chumba kirefu, upande huu huu wa Karatina, na aliihitaji kabla ya fidia kufika. Notisi ya kuhama ilikuwa imeshakuja. Fidia ilikuwa bado ni barua.

Na barua yenyewe ilikuwa na shida. Nyumba na miti vilikadiriwa kwa jina lake, lakini shamba lilikuwa bado kwa jina la baba mkwe wake, mzee aliyefariki miaka mingi iliyopita. Mzee aliacha wana wawili. Mmoja ndiye aliyekuwa mume wa mama huyu, naye pia amefariki. Mwingine anaishi Nyeri mjini, ana yadi ya mbao. Familia haikuwahi kwenda kortini kugawa mirathi. Kwa hiyo pesa za shamba zingeshikwa hadi wakubaliane, na pesa za nyumba peke yake zisingetosha kununua ploti na kujenga juu yake.

Niliporudi ofisini sikuweza kuitoa kichwani. Tulikuwa na mkopo wa karo, wa pembejeo, wa ng'ombe, wa boda boda, hata wa mazishi. Hatukuwa na mkopo wa mtu anayehamishwa na serikali. Benki kubwa zilitaka hati ya shamba kama dhamana, na mtu ambaye shamba lake linachukuliwa atatoa wapi hati? Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilichofikia kilikuwa rahisi. Mwanachama aandike rasmi kwamba fidia yake ikitoka ilipwe kupitia akaunti yake kwetu. Sisi tumkopeshe sehemu ya kiasi kilichotajwa katika barua. Wanachama wenzake wamdhamini kwa akiba zao, ili tusimame imara wakati wa kungoja. Kila mwezi alipe riba tu, na fidia ikifika alipe deni lote mara moja. Na pesa zisipite mikononi mwake: zilipwe kwa muuza ploti mbele ya wakili, kisha kwa fundi, hatua kwa hatua, msingi ukionekana, ukuta ukionekana, paa likionekana.

Meneja wetu ni mtu makini sana, anayekopesha pesa za chama kana kwamba ni za mama yake mzazi. Alisoma karatasi yangu akiwa amesimama dirishani.

"Barua ya serikali si pesa," akasema.

"Ni ahadi ya pesa."

"Ahadi hucheleweshwa."

"Ndiyo maana kuna wadhamini. Na ndiyo maana kuna masweta. Riba ataitoa kwa masweta. Nimeona oda zake."

Akairudia karatasi, kisha akasema, "Na shemeji yake? Kama hatatia sahihi ya shamba, fidia haitatosha hata ikija. Niletee sahihi ya shemeji, nami nitalipeleka hili kwa kamati. Mimi mwenyewe."

Nilipomwambia mama habari ya shemeji, uso wake ulikunjana. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya mume wake. Siku hiyo shemeji alisimama na kusema mbele ya waombolezaji kwamba nyumba ile iko juu ya ardhi ya ukoo, na watu wasisahau. Naye mama, akiwa bado na udongo wa kaburi mikononi, akamjibu mbele ya watu hao hao kwamba hakuwahi kuleta hata jiwe moja. Tangu hapo ujumbe wao ulipitia kwa chifu au kwa wakili, na kila ujumbe uliharibu zaidi.

"Siwezi kwenda huko," akasema.

"Tutaenda pamoja."

"Atanitukana."

"Basi atatutukana wote wawili."

Siku ya kwenda Nyeri alikuja amevaa koti lake la kanisani na sweta jipya alilojifumia, la rangi ya zambarau. Yadi ya mbao iko chini kidogo ya msikiti, mahali ambapo kelele za msumeno huchanganyika na harufu ya mandazi kutoka hoteli ya jirani. Shemeji alikuwa mzee mwembamba, kofia kichwani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alituona tukiingia langoni. Alizima msumeno, akajipangusa mikono polepole, akatuelekeza kwenye ofisi yake ndogo ya mbao. Kisha akamtuma mtu wa hoteli alete chai.

"Karibuni," akasema, lakini aliniangalia mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza mambo ya fidia na mkopo. Nilifungua mdomo, lakini mama akaniwekea mkono gotini.

"Shemeji," akasema, "sikuja kubishana. Barabara inachukua ile nyumba. Nataka kujenga ingine, na bila sahihi yako siwezi."

Shemeji akakoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa. "Mbona umekuja na mtu wa benki?"

"Kwa sababu ningekuja peke yangu, tungegombana."

Aliinua macho, na nikaona anataka kucheka lakini anajizuia. "Hiyo ni kweli," akasema. Kisha akaweka kijiko chini. Alipozungumza sauti yake ilikuwa chini. "Mimi sikuwahi kukataa kutia sahihi. Nimeletewa barua na chifu. Nimeletewa barua na wakili. Lakini wewe hujawahi kuja hapa ukae kwa hii kiti uniambie, shemeji, nisaidie."

"Sasa nimekaa."

"Ndiyo. Sasa umekaa."

Hawakukumbatiana wala kulia. Walizungumza kama wafanyabiashara, na kwa kweli nilifurahi kuona hivyo. Shemeji alisema pesa za shamba zigawanywe nusu kwa nusu, kwamba nusu ya ndugu yake ni ya mama, na kwamba pesa za nyumba hatazigusa hata shilingi. Mama akasema ni haki. Mimi nikaandika makubaliano, wakayasoma wote wawili, mama akivaa miwani yake na shemeji akiiazima baadaye. Juma hilo hilo walionekana pamoja kwa wakili kufungua kesi ya mirathi iliyolala miaka yote hiyo.

Meneja alitimiza neno lake. Kamati iliuliza maswali magumu, na wadhamini waliombwa waje wenyewe. Walikuja kina mama wa soko, mmoja anauza nyanya, mwingine vitunguu, mwingine ndizi za kuiva, bado wamevaa leso zao za kazini. Mwenyekiti wa kamati aliwauliza kama wanaelewa kwamba mkopo ukiharibika akiba zao ndizo zitakazolipa.

Yule wa vitunguu akajibu, "Sisi tunamjua huyu tangu tukiwa wasichana. Wewe unajua tu karatasi yake."

Mkopo ukapita. Niliingia msalani nikafunga mlango, nikasimama humo nikitabasamu peke yangu kama mtoto aliyeitwa nambari moja darasani.

Ploti tulipata juu kidogo, kwenye barabara ya udongo inayopanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, mahali penye jua la asubuhi na maji ya mfereji. Lakini fundi alipopiga hesabu, tukakwama tena. Mawe yalikuwa yamepanda bei. Kila aliyebomolewa alikuwa anatafuta mawe, na barabara yenyewe ilikuwa inameza kokoto kutoka machimbo yote ya karibu. Fundi alipendekeza ajenge kwa mbao, au apunguze chumba cha mbele.

"Chumba cha mbele hakipungui," mama akasema. "Na kwani mawe yangu yameoza?"

Fundi hakuelewa. Mimi pia sikuelewa mara moja.

"Mawe ya nyumba yangu," akasema. "Yako pale barabarani yananingoja. Tutabomoa sisi wenyewe, tujenge huku."

Tulikwenda kumuuliza mhandisi aliyesimamia sehemu ile, mwanamke mchanga mwenye kofia ya plastiki. Alisema mwenye nyumba ana ruhusa ya kuondoa chochote anachotaka kabla ya tingatinga kufika, na kwamba lingefika Jumatatu. "Watu wengi huchukua milango na mabati tu," akasema. "Kama unaweza kubeba mawe, mama, beba."

Jumamosi ile sitaisahau. Nilivaa buti za mpira na suruali ya zamani ya mume wangu, nikafika jua likiwa bado halijachomoza vizuri, nikidhani nitakuwa wa kwanza. Nilikuta kina mama wa soko wamejaa uani. Mafundi walikuwa juu ya paa, mabati yanashuka moja moja, na misumari inanyooshwa juu ya jiwe na kuwekwa kwenye kopo. Kanisa lilikuwa limeleta sufuria kubwa, na mtu alikuwa anakoroga uji. Mashine za kufuma zilikuwa zimeshahamishwa siku iliyotangulia hadi stoo ya kanisa, ambako wale wasichana wawili waliendelea kufuma kwa sababu oda ya maruni ilikuwa inangojewa.

Kisha lori likaingia likirudi nyuma, limejaa vumbi la mbao. Lilikuwa la shemeji. Alishuka mwenyewe kutoka kwa usukani, akavaa glavu, akatazama ukuta, akaenda moja kwa moja kwenye kona, mahali mawe ya chumba cha kwanza yalipokuwa. Tulifanya kazi. Jiwe likilegea, mtu mmoja alilishika, mwingine aligonga saruji iliyoganda hadi ikadondoka, kisha likapita mkono hadi mkono mpaka kwenye lori. Mikono yangu ilivimba. Mama hakubeba mawe mengi, lakini alikuwa kila mahali, akigombeza. Aliwagombeza waliotupa vioo vya madirisha kwa nguvu. Alimgombeza fundi kwa kuvunja kizingiti. Alinigombeza mimi kwa kubeba mawili kwa wakati mmoja, ati nitajivunja mgongo. Watu walicheka siku nzima.

Lori lilipojaa mara ya mwisho, shemeji alisimama kando yake, anapumua kwa shida, nywele zake nyeupe kwa vumbi la saruji.

"Leo nimeleta jiwe," akamwambia.

Mama alikwenda akamletea uji mwenyewe, kwenye kikombe cha bati, akasimama pale hadi akamaliza.

Jioni kulibaki sakafu tu, saruji nyekundu iliyong'arishwa kwa miaka mingi, imekaa wazi chini ya mbingu. Watu walianza kuondoka. Nilikuwa natafuta koti langu nilipomwona mama ameshika ufagio. Alikuwa anafagia. Alianzia mahali palipokuwa jikoni, akapita mahali pa chumba cha kulala, akafika kwenye chumba kirefu, akikusanya vumbi na vipande vya saruji kwenye kilima kidogo.

"Mama," nikasema, "unafagia nini na Jumatatu ni tingatinga?"

"Hawatasema niliwaachia uchafu," akajibu, akaendelea.

Nilichukua kipande cha boksi, nikakiweka sakafuni, naye akasukuma taka juu yake. Nilikuwa nimechoka kupita kiasi, na nilijiona mkubwa kuliko nilivyowahi kujiona nikiwa nimevaa suti.

Nyumba ya juu ilipanda polepole. Mvua ilitukatiza. Nilipanda huko kila hatua ya malipo ili nione kwa macho kabla ya kutoa pesa kwa fundi, na kila mara mama alinipokea kama mkaguzi wa shule, akinionyesha pembe na madirisha. Kuta zilikuwa na mabaka: jiwe moja lilikuwa na rangi ya kijani ya jikoni ya zamani, lingine la krimu, lingine halijawahi kupakwa rangi. Fundi alitaka kupiga plasta upande wa nje. Mama alikataa. Alisema pesa za plasta ataweka kwa dari.

Fidia ilichelewa, kama meneja alivyosema. Ilichelewa hadi meneja akaanza kuniangalia kwa namna fulani tukikutana kwenye korido. Lakini riba haikuchelewa hata mwezi mmoja. Msimu wa kufungua shule ulipofika, mashine hazikulala, na mama alishuka sokoni kila siku ya soko na marobota ya masweta kwenye mkokoteni. Wadhamini wake nao walikuwa wakipita ofisini, wakijifanya wamekuja kuweka akiba, wakiuliza, "Imeingia?" Nilikuwa nikijibu bado, nao wakisema haya, wakirudi kwa nyanya na vitunguu vyao.

Siku ilipoingia nilimpigia simu mimi mwenyewe. Upande wa pili nilisikia mashine zikisimama moja baada ya nyingine.

"Yote?" akauliza.

"Ya nyumba na miti, yote. Ya shamba, nusu yako, kama mlivyokubaliana."

"Kata deni," akasema. "Kata leo leo. Usiniachie hata usiku mmoja."

Baada yake walikuja wengine. Mwalimu mstaafu na mke wake, muuza nyama, fundi wa baiskeli, ndugu watatu waliokuwa na shamba moja na hawakuwa wakisalimiana. Meneja aliuweka mkopo huo kwenye orodha yetu rasmi na tukaupa jina, mkopo wa kuhama. Siku hizi akienda mikutano ya sako za kaunti nyingine huusimulia kana kwamba aliuota yeye akiwa usingizini, na mimi hukaa nyuma nikinywa soda, nikimsikiliza kwa raha. Ni kweli ndiye aliyeupeleka kwa kamati.

Si wote niliowasaidia. Waliokuwa wapangaji hawakuwa na barua ya fidia ya nyumba, kwa sababu nyumba haikuwa yao, na barua hiyo ndiyo msingi wa kila kitu. Mama mmoja aliyekuwa na kibanda cha kuuza chapati kando ya barabara alikaa mbele ya meza yangu muda mrefu, na sikuwa na la kumpa isipokuwa mkopo mdogo wa kawaida. Aliuchukua. Huwa namfikiria nikisikia watu wakinisifu. Lakini nikipita kwenye barabara hiyo mpya, nikaona mistari yake myeupe na magari yakienda kwa nafasi, najua pia ni nyumba ngapi za huko juu zilizosimama kwa sababu watu wa kawaida waliweka akiba zao kudhamini wenzao, na sioni haya kusema kwamba najivunia.

Mama alituita kubariki nyumba mvua ilipokwisha. Barabara ya kupanda ilikuwa imekauka, na mlima ulikuwa wazi hadi kileleni. Kulikuwa na mukimo wa viazi na mahindi, nyama ya mbuzi, na chai kwenye birika lisilokwisha. Mchungaji aliomba katika chumba kirefu, mashine zikiwa zimesukumwa ukutani, na shemeji alikaa kiti cha mbele. Kisha mama akasimama na kuniambia nami nisimame, watu wanisalimie. Nilisimama. Nimefanya kazi ya ofisi miaka mingi, na hiyo ndiyo mara pekee nimepigiwa makofi na watu wenye saruji kwenye kucha.

Watu walipoanza kula, alinivuta kando hadi chumbani kwake, akafunga mlango, akatoa bahasha chini ya godoro. Ndani kulikuwa na hati ya ploti ile.

"Soma jina," akasema.

Nikasoma kwa sauti. Lilikuwa lake, majina yote matatu.

"Katika boma letu, hakuna mwanamke alikuwa na hii," akasema. "Mama mkwe hakuwa nayo. Mama yangu hakuwa nayo. Wewe uko nayo?"

"Iko kwa jina letu wote wawili, mimi na mume wangu."

"Hiyo pia ni nzuri." Akaipangusa hati kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Sasa niambie ukweli, msichana wangu. Hii inaweza kunikopesha mashine ya stima? Kuna moja nimeona Nyeri, inafuma shingo yenyewe."

Nilicheka hadi nikakaa kitandani. "Inaweza, mama. Kuja nayo Jumatatu."

"Jumatatu niko na oda ya kijani," akasema, akirudisha bahasha mahali pake. "Nitakuja Jumanne. Sasa toka ukule, nyama inaisha."